Kuku waliolala shingo: kisa cha banda moja la Unguja wakati wa masika

Kisa hiki kimetokea katika kijiji kimoja cha pwani, Kaskazini Unguja. Jina la mwenye kuku, la shehia na yote yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Mimi ni mchanjaji wa kuku wa shehia jirani: nazunguka na kichupa cha chanjo na daftari, na watu hunipigia simu kuku wao wakiumwa. Nakiandika kwa wafugaji wa kuku wachache wa nyumbani na kwa wachanjaji wenzangu, kwa sababu neno moja nililolitamka kwenye simu, kabla sijamtia machoni kuku hata mmoja, lilimgharimu mtu ambaye kuku wake walikuwa wazima.

Nyumba na kuku wake

Mwenye kuku ni bibi mtu mzima anayeishi na mtoto wake wa kiume na mjukuu wa miaka 10. Kuku wakubwa walikuwa 16: majogoo 2, mmoja wao wa aina ya kuchi, mrefu mwenye kifua kipana, na mitetea 14. Mtetea mmoja alikuwa anaatamia ndani ya pakacha jikoni. Mwingine alikuwa na vifaranga 9, na hao walifunikwa tenga mchana kutwa kwa kuwaogopa kunguru. Kunguru hawa walioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ni balaa la kila mwenye vifaranga, na tenga lile litarudi tena mbele katika kisa hiki.

Kuku wa nyumba ile hawakuwa biashara. Mayai ni ya nyumbani, na jogoo huchinjwa akija mgeni wa heshima. Mjukuu alikuwa na wake mmoja, mtetea wa rangi ya manjano aliyemwita Zafarani, na nyumba nzima ilijua kwamba Zafarani hachinjwi. Usiku walilala banda la makuti lililo na mlango; asubuhi wakifunguliwa walikwenda watakako. Nyuma ya nyumba, kiasi cha hatua 60, kuna chanja za kuanikia dagaa na jaa la mtaa.

Nilikuwa nimewachanja mdondo, yaani kideri, wiki 7 kabla, kwa tone la jicho. Chanjo hii ya I-2 hurudiwa kila miezi mitatu au minne, kwa hiyo kwa hesabu walikuwa bado ndani ya muda wao.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Jumatano, saa moja asubuhi, baada ya mvua ya siku nne mfululizo, simu ikalia. Bibi aliniambia kuku watatu hawasimami, wamelala kifudifudi na shingo ziko chini. Nilikuwa njiani kwenda kuchanja kwengine. Nikamjibu: "Basi huo mdondo, Bibi. Usiwafungulie wengine. Nikimaliza huku nakuja." Sikumuuliza hata suali moja.

Nilifika saa saba mchana. Katika saa sita hizo mengi yalikuwa yameshapita. Mtoto wa kiume aliwahi kisu: kati ya wale watatu alichinja wawili, wasije wakafa kibudu. Manyoya na matumbo vilikuwa kwenye karai pembeni ya kisima, na nyama imo chunguni. Kuku wengine watatu walikuwa wamelala tangu saa nne, akiwemo kuchi. Na jirani wa nyumba ya pili, aliposikia kwamba mchanjaji mwenyewe amesema ni mdondo, alimwita mchuuzi aliyekuwa anapita na kumuuzia kuku wake wote 12 kwa bei aliyoitaka mchuuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaumwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii chanjo yako imetufanya nini?"

Suali hilo lilikuwa limeshaanza kuzunguka mtaani.

Nilikaa chini nikampakata kuchi. Macho yake yalikuwa nusu wazi, ule ukope mwembamba wa ndani umevutwa hadi katikati ya mboni. Alikuwa ananiona, nikipitisha mkono mbele yake jicho linafuata. Nikamnyanyua kichwa kwa vidole viwili, nikakiachia. Kikaanguka kama kamba mbichi. Nikajaribu kumnyoosha mbawa, hazikuwa na ukaidi wowote. Nilipomrudisha kwenye mkeka, manyoya ya shingo yalibaki mkononi mwangu, fungu zima, bila ya mimi kuyavuta.

Kuku wa mdondo ninaowajua hawako hivyo. Mdondo ukishapanda kwenye neva, shingo hukakamaa na kupinda, kichwa kikageuka juu au nyuma, kuku akazunguka mahali pamoja. Kabla ya hapo utamsikia anakoroma na kuhema kwa mdomo wazi, na utaona kinyesi cha kijani. Hapa palikuwa kimya kabisa.

Nikampigia daktari wa mifugo. Aliuliza mambo matatu: shingo imekakamaa au imelegea, wanakoroma au hawakoromi, na vifaranga wana hali gani. La tatu ndilo lililonishtua, kwa sababu vifaranga sikuwa nimewatazama. Nikaenda nikafunua tenga. Wote 9 walitoka mbio wakaanza kuparura, na mama yao akanijia juu. Nikaingia jikoni kwa yule anayeatamia, naye akanidona mkono. Mdondo huwamaliza vifaranga kwanza, na hautambui tenga wala pakacha. Waliolala wote walikuwa wale wakubwa, wenye nguvu, wanaokwenda mbali.

Nikauliza kwa sauti, bila ya kumkusudia mtu: wanakwenda wapi wakifunguliwa? Aliyejibu ni mjukuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na Zafarani kifuani. "Wanakwenda kula funza kule nyuma ya chanja. Tangu juzi. Kuchi ndiye anayewafukuza wenzake."

Tukaenda pamoja. Mvua ilikuwa imewaharibia watu dagaa wao. Walioshindwa kukauka walimwagwa jaani, na harufu yake inajulikana. Lakini pale kuku walipoparua palikuwa na kitu chengine. Chini ya dagaa kulikuwa na polo, yaani gunia kubwa, limechanika ubavuni, na ndani yake mzoga wa bata uliokwishaoza. Ubavu wa polo ulikuwa unatambaa kwa funza, weupe, wanene, na udongo wa pembeni umejaa alama mbichi za kucha za kuku.

Nilimtumia daktari picha na video ya shingo ya kuchi. Akasema anashuku sumu ya botulinamu, ile inayomlegeza kuku shingo, lakini mpaka atakapokuja kesho tuwafanye kama wana ugonjwa wa kuambukiza.

Jioni ile akalala wa saba, naye ni Zafarani. Nilimkuta mtoto amekunja kanga kuukuu kuwa kama pete, amemweka kuku ndani ya pakacha na kidevu chake kimeegemea kwenye pete ile ili pua isizame. Hakuna aliyemfundisha.

Nyuma yangu, shangazi mmoja aliyekuja kutoa pole alikuwa anamnywesha mmoja wa wagonjwa maji ya shubiri kwa kijiko. Niliiona chupa na nikajua ni nini. Nilikuwa nazungumza na simu, nikasema moyoni nitamwambia nikimaliza. Kuku yule alikufa mikononi mwake kabla sijakata simu.

Alfajiri ya Alkhamis kuchi alikuwa amekufa, na mtetea mwengine amelala. Huyo ndiye alikuwa wa mwisho kuanguka. Daktari alifika saa tatu na bodaboda, akavaa glovu na barakoa, akampasua kuchi juu ya gunia chini ya muembe. Tumbo la tezi lililo kabla ya firigisi, ambalo kwa mdondo mara nyingi huwa na madoa ya damu, lilikuwa safi. Utumbo safi. Alipokata gole, ule mfuko wa shingoni anamohifadhi chakula, wakatoka funza wanne na kipande cha ngozi. Alichukua sampuli za maabara, akaondoka.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Nyama ya chunguni. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Bibi alisema wamechinjwa kwa bismillahi, wakiwa hai, na moto unaua kila kitu. Kuhusu sumu hii hakuwa mbali na ukweli: huvunjwa na joto la kuchemsha vizuri. Lakini saa ile hatukujua kama ni sumu. Kuku wanaoanguka wengi kwa siku moja wanaweza kuwa na mafua makali ya ndege, na hapo hatari kubwa inampata anayechinja, anayenyonyoa na anayeosha, chungu hakijafika motoni. Sikumwambia ni haramu, kwani si haramu na mimi si shekhe. Nilimwambia sijui kilichowaua, na kitu nisichokijua siwezi kukaa nikitazama mtoto anakila. Akanyamaza kitambo, kisha akamwambia mwanawe akamwage shimoni pamoja na manyoya na yale matumbo, na mikono waoshe kwa sabuni.

Kuwatenga. Wazima walifungiwa bandani, wagonjwa wakawekwa ukumbi wa nyuma penye kivuli, na mtu wa kuwahudumia akawa mmoja. Kwa sumu hapakuwa na haja ya kuwatenga kwa kuogopa kuambukizana, maana haitoki kwa kuku kwenda kwa kuku. Tuliwatenga kwa sababu hatukuwa na hakika, na kufungia kule ndiko kulikowazuia wazima wasirudi jaani.

Kutokuchanja tena. Jirani wawili walitaka niwachanjie kuku wao saa ile ile. Nilikataa. Kinga ya chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujijenga, na kuingia banda hadi banda na viatu na mikono ile ile, kama ungekuwa mdondo kweli, ningekuwa mimi ndiye ninayeusambaza.

Dawa. Mtoto wa kiume alishanunua vidonge vya rangi mbili vya watu, vile ambavyo wengi huvifungua na kuvimimina kwenye maji ya kuku. Tuliviacha. Dawa ya kuua bakteria haiondoi sumu iliyokwishaingia mwilini, na dawa za watu kwa kuku wanaotaga zinaishia kwenye yai analokula mtoto. Kwa maelekezo ya daktari tulitumia haluli: kijiko kimoja cha chai ndani ya vijiko viwili vya chakula vya maji, kwa kila kuku, ili kusafisha kilichobaki tumboni. Walipewa watatu tu, wale ambao tone moja la maji likiwekwa ncha ya mdomo walilimeza wenyewe. Asiyemeza hapewi kitu. Koo limelala kama shingo, na maji yataingia kwenye mapafu.

Jaa. Kuzika kulitushinda. Pale ni maweni, jembe linagonga jiwe kabla hujafika magotini. Tukakusanya makumbi na makuti makavu kutoka majikoni, tukaongeza mafuta ya taa kidogo, tukauchoma mzoga pamoja na polo na udongo wa juu hadi usiku. Funza wengine walikuwa wameshajichimbia, kwa hiyo kuku walifungiwa siku 10 nzima. Walilishwa pumba za mpunga, machicha ya nazi na makoko ya wali. Bibi alilalamika gharama, na alikuwa na haki.

Matokeo

Walioumwa ni 8. Wawili walichinjwa, watatu walikufa (yule wa shubiri, kuchi, na mmoja Ijumaa mchana), na watatu walipona. Tangu Alkhamis asubuhi hakuanguka mwengine. Anayeatamia alitotoa vifaranga 7 wiki iliyofuata.

Zafarani alinyanyua kichwa Jumamosi alfajiri. Mjukuu alikuja kunigongea mlango kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Siku nzima kichwa kilipanda na kushuka kama cha mtu anayesinzia kwenye hotuba, jioni kikabaki juu. Jumatatu alisimama, akakaa, akasimama tena. Kutaga alirudi baada ya wiki tatu hivi.

Majibu ya maabara yalisema hakuna mdondo wala mafua ya ndege. Sumu yenyewe haikupimwa. Kwa hiyo jina la botulinamu tumelipata kwa dalili, kwa funza wa goleni, na kwa jinsi wagonjwa wapya walivyokatika siku moja tu baada ya njia ya jaani kufungwa. Mimi linanitosha.

Uchambuzi

Huku kwetu kuku akifa, neno ni mdondo. Akihara, mdondo, akivimba uso, mdondo, akilala shingo, mdondo. Neno hilo limebeba maradhi matano au sita yasiyofanana, na mtu akishalisema hakuna anayetazama tena. Mimi niliyefundishwa tofauti zake nililisema nikiwa juu ya baskeli. Lingetoka kinywani mwa mtu mwengine lingekuwa dhana ya jirani. Lililotoka kwangu likawa hukumu, na kwa hukumu ile kuku 12 wazima wakauzwa. Siku hizi nikipigiwa simu najibu, "Wafungie, watenge wanaoumwa, usichinje, nakuja." Hayo manne yanafaa kwa ugonjwa wowote, na hayana jina ndani yake.

Kilichofungua kisa ni kutazama wazima. Sote huwa tunakimbilia mgonjwa: tunamshika, tunamnusa, tunampiga picha. Kumbe jibu lilikuwa chini ya tenga na ndani ya pakacha la jikoni. Kuku wawili wasiotoka pamoja na vifaranga 9 walikuwa wazima, na 8 kati ya 14 waliokuwa wanatoka walianguka, akiwemo yule mwenye kufukuza wenzake kwenye chakula. Ukiona ugonjwa umechagua wenye nguvu na kuwaacha wanyonge, tafuta walichokila. Na anayejua walichokila mara nyingi ni mtoto wa nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayewafuata. Mjukuu alijua habari ya funza tangu Jumatatu. Hakuificha, hapakuwa na mtu mzima aliyemuuliza.

Ni vyema kueleza sumu hii inavyokwenda, kwani wengi walioniuliza walidhani ni funza wenyewe wanaouma tumboni. Vijidudu vya botulinamu vimo udongoni na hukaa humo miaka wakiwa wamelala. Mzoga ukioza mahali pasipopita hewa, kama ndani ya polo lililolowa, wanaamka na kutengeneza sumu. Funza wanakula nyama ile na kujaa sumu bila ya wao kudhurika, kisha kuku anakula funza. Sumu hukata amri kati ya neva na msuli: miguu inatangulia, zikafuata mbawa, halafu shingo na kope, na mwisho pumzi. Kuku anakuwa na akili zake muda wote. Hii ndiyo sababu nilimuomba mjukuu aendelee kumsemesha Zafarani na kumgeuza ubavu, na sidhani kama ilikuwa kazi bure.

Haluli siwezi kuipa sifa. Waliopona ni wale wale watatu walioweza kumeza, yaani waliokula sumu kidogo. Pengine wangepona kwa kivuli na utulivu peke yake. Kuku wa namna hii akivuka siku mbili bila ya pumzi kukatika, ana nafasi nzuri.

Shubiri ni kosa langu. Shangazi alifanya alilorithi, na shubiri kwa kuku mwenye kumeza sijaona ikiua. Mimi niliyeambiwa na daktari, dakika chache kabla, kwamba koo limelala, nilipaswa kukata simu.

La kuwahi kisu halitaondoka kwa kukemewa. Kwa mtu mwenye kuku 16, kila anayekufa kibudu ni hasara kamili, na kisu kinamrudishia kitu. Lakini karai lile la matumbo na manyoya pembeni ya kisima, kama ungekuwa mdondo, lingetosha kuupeleka mtaa mzima kwa miguu ya paka na midomo ya kunguru. Nilimweleza mtoto wa kiume hivyo, nikimwonyesha kunguru wawili waliokuwa wameshatua ukutani, na nadhani kunguru wale walimwingia kuliko maneno yangu.

Limebaki la chanjo. Nilikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na sheha, nikiwa na picha ya gole lililopasuliwa, nikasema wazi kwamba chanjo haikuwaua, na kwamba neno mdondo lilikuwa langu na halikuwa sahihi. Raundi iliyofuata, mwezi wa Julai, nyumba tatu zilizokuwa zikichanja kila mara zilikataa. Bibi alileta wote, na mjukuu ndiye aliyewashika, mmoja mmoja, jicho juu.

Jirani aliyeuza 12 nilimpelekea vifaranga wanne wa kwangu. Alivipokea, akashukuru, akavifunika tenga. Kuvichanja amesema bado anafikiri.